Tumecheza Tu

Saa sita na nusu, mlangoni pa darasa la awali,
Mabatini, chini ya jiwe lililobeba nyumba mbili mgongoni,
namuuliza Sayi: leo mmejifunza nini?
Naye, kamasi imekauka, rangi ya kijani sikioni:
"Tumecheza tu."

Baba yake akisikia huweka tonge chini.
"Ada elfu thelathini, hela ya uji mbali,
ufagio tumepeleka, ndoo tumepeleka,
halafu tumecheza tu?"
Anataka a-e-i-o-u daftarini, mstari kwa mstari,
anataka vyema ya wino mwekundu.
Mimi nachambua dagaa. Sijibu.

Lakini macho yangu hayana pazia.
Jumanne alichuchumaa pembeni mwa turubai,
akatenga: wakubwa huku, wadogo huku,
waliokatika vichwa peke yao.
Nikamwambia hao watupe.
"Hawa hawafanani na wenzao," akasema,
"ila wanafanana wao kwa wao."
Miaka kumi na mmoja nauza dagaa Mwaloni,
sijawahi kuwaona hivyo.

Siku nyingine, tukipanda kwetu
kwa ngazi za mawe zilizopangwa na watu wasiojuana,
alihesabu kwa sauti: kumi na tatu, kumi na nne, kumi na saba.
Akasimama.
Akashuka mpaka chini kabisa.
Nina ndoo kichwani, shingo inawaka moto.
"Mama, nimeziruka mbili. Tukiziacha zitalia."
Tukaanza upya. Moja.

Na yule Nkwabi aliyemng'ata mkono wiki ya kwanza,
alama ya meno nikaionyesha mtaa mzima,
siku hizi anamfunga kamba za viatu.
Anazifunga kiatu cha huyu na kiatu cha yule.
Wanaanguka pamoja, wanacheka pamoja,
na Mwalimu Nyamizi, kikombe cha uji mkononi, hawakimbilii.
Anawaacha watafute wenyewe fundo lilipo.

Mkaa wangu unapungua. Nimeugundua mwizi:
kila jiwe la uani lina M,
vilima viwili na bonde,
M ya maji, M ya mawe, M ya mama.
Mimi, niliyeishia darasa la tatu,
nimeandikwa kwenye mwamba.

Kisha ule usiku wa radi.
Ziwa liligeuka, mabati yakapiga kelele kama mnada,
nikangoja afanye kama mwaka jana,
ajifiche uvunguni, atukane, avunje sahani.
Akavuta kanga yangu.
"Ninaogopa," akasema. "Woga uko hapa."
Akashika tumbo, chini kidogo ya kitovu.
Baba yake akamtazama kwa mwanga wa simu.
Mtu mzima yule, aliyewahi kukumbatia dumu tupu
usiku kucha majini, upande wa Luchelele,
mtumbwi umekwenda na wenzake wawili,
hajawahi kuniambia wake ulikaa wapi.
Alisogea tu, akampa mtoto nafasi katikati.

Ijumaa bombani, foleni imefika kwa muuza mitumba,
mume wangu akaisogeza ndoo yetu kwa mguu,
taratibu, kama mtu anayekuna kisigino.
"Baba! Si zamu yetu!"
Wanawake waliangua kicheko, hata mwenye bomba.
Akarudi nyuma, ndoo mkononi, masikio yamemsimama.
Nikadhani atampiga.
Nilimsikia akinong'ona: "Zamu yetu ni baada ya nani?"
"Baada ya yule mama mwenye ndoo ya bluu. Subiri."

Jumatatu alimfuata yeye shuleni,
na vumbi la saruji bado nywelani.
Nawasikia wakipanda ngazi.
"Leo mmejifunza nini?"
"Tumecheza tu."
Kimya kidogo. Kokoto zinaporomoka.
"Mmecheza nini?"

Ugali umepoa.
Bado wako ngazi ya tisa,
Sayi anaonyesha kwa mikono yote miwili,
na baba yake amekaa juu ya jiwe.